Okidi ndogo ya magome: jinsi ya kuikuza Lubunga bila kuuibia msitu

Barabara inayotoka Lubunga, sehemu ya mji iliyo ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kwenda Ubundu huilisha Kisangani: makala, kuni, mbao, muhogo, ndizi. Shamba jipya linapofyekwa kando yake, miti huangushwa, magogo hupasuliwa au hupangwa kwenye tanuri, na matawi ya juu huachwa chini yakauke yakisubiri siku ya moto. Matawi hayo yamebeba vigoga, ferni na okidi zilizoishi huko juu miaka mingi. Moto ukishapita, havibaki.

Mwongozo huu unahusu okidi moja kati ya hizo, ndogo kiasi cha kukaa kiganjani. Jina lake la kitaalamu ni Angraecum distichum. Ni mmea wa misitu ya Afrika, kuanzia Guinea na Sierra Leone upande wa magharibi, hadi Uganda upande wa mashariki na Angola upande wa kusini, na misitu ya Kongo iko katikati ya eneo hilo. Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, John Lindley, aliieleza kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1830, na tangu hapo wapenda maua wa Ulaya wamekuwa wakiitunza ndani ya nyumba za vioo. Wao hulipia joto wakati wa baridi na hununua mashine za kutia unyevu hewani. Mkazi wa Lubunga anavyo vyote hivyo bure: joto la wastani la nyuzi 25 hivi, mvua inayokaribia milimita 1,800 kwa mwaka, na mto Kongo mlangoni.

Kwa hiyo hapa kwetu okidi hii haiuawi na hali ya hewa. Inauawa na mambo manne: kupandwa udongoni, kuanikwa juani saa sita, kukalishwa ndani ya maji yasiyotoka, na kung'olewa kwa nguvu mahali ilipoota. Anayeyaepuka hayo manne atakuwa na mmea wa kuishi naye miaka mingi.

Ijue kwanza

Huhitaji kusubiri ichanue ili uitambue. Shina ni jembamba, kwa kawaida urefu wa sentimita 10 hadi 25, na mashina mengi hukaa pamoja katika kichaka kimoja, mengine yakisimama na mengine yakining'inia. Majani ni mafupi na manene, kila moja kama sentimita 1 au pungufu, yamebanwa ubavuni na kupandana kwa zamu, kushoto na kulia, kutoka chini hadi nchani. Ukilitazama shina lote utaona kama nywele zilizosukwa. Okidi nyingine nyingi za msituni huwa na majani marefu ya kulala, au hazina majani kabisa, kwa hiyo alama hii inatosha kwa mtu anayeanza.

Ua ni jeupe na halifiki sentimita 1 kwa upana. Hutoka moja moja kati ya majani, na nyuma yake lina kimrija kidogo chenye nekta. Lina harufu tamu. Kichaka kilichostawi huchanua maua mengi kwa mkupuo mmoja, kisha kinapumzika, na kinaweza kurudia mara kadhaa katika mwaka. Ipo ndugu yake ya karibu, Angraecum aporoides, yenye majani makubwa zaidi. Matunzo yake ni yale yale. Katika vitabu vipya unaweza kukuta zote mbili zimewekwa katika jenasi ya Dolabrifolia. Mmea ni ule ule.

Ukoo huu una historia. Angraecum sesquipedale ya Madagaska, jamaa yake mkubwa, ina mrija wa nekta wenye urefu wa karibu sentimita 30. Charles Darwin alipouona aliandika mwaka 1862 kwamba lazima awepo nondo mwenye ulimi wa kufika chini kabisa. Nondo huyo alitambuliwa na wataalamu mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Funzo kwa mkulima ni kwamba okidi haiishi peke yake. Inahitaji mdudu wa kuichavusha, kuvu ya kuotesha mbegu zake, na gome la kushikilia. Ukiitoa msituni unaitenganisha na hayo yote, na wewe ndiye unayebaki kuwa msaidizi wake.

Jambo la mwisho la kulijua ni mizizi. Ni myembamba, na kila mmoja umevikwa tabaka linalonyonya maji haraka. Ikiwa mikavu huonekana myeupe au ya kijivu. Ikilowa hugeuka kijani. Rangi hiyo itakuwa kipimo chako cha maji kila siku. Okidi hii haina kiazi wala uvimbe wa kuhifadhi maji kwenye shina, tofauti na baadhi ya okidi nyingine. Haiwezi kuvumilia ukame wa muda mrefu.

Haimnyonyi mwenyeji wake

Kwenye parseli nyingi watu wakiona mmea umeota juu ya mwembe, msafu au mti wa avoka, huubandua kwa panga wakisema unaumaliza mti. Kwa okidi hilo si kweli. Okidi ya magome hushikilia tu. Mizizi yake hutambaa juu ya gome na haiingii ndani ya mti. Maji yake ni ya mvua na umande, na chakula chake ni vumbi, majani yaliyooza na vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji yanayotiririka kwenye shina la mti.

Mnyonyaji wa kweli yupo, na ndiye anayewapa wengine jina baya. Ni mmea wa ukoo wa Loranthaceae, na unaojulikana sana Afrika ya Kati ni Phragmanthera capitata, ambao hushambulia hasa miti ya avoka na misafu. Namna ya kuwatofautisha ni rahisi. Mnyonyaji ana matawi ya mti halisi na majani mapana, na mahali anapoungana na mwenyeji pamevimba, kwa sababu amepenyeza mizizi ndani ya tawi. Ukimvuta, tawi lote linatikisika. Maua yake yana umbo la vifimbo vyenye rangi, na matunda yake yana ulimbo ambao ndege hueneza pamoja na mbegu. Okidi ukiiinua kidogo kwa kidole utaona mizizi iko juu ya gome, na chini yake gome ni zima.

Mnyonyaji mkate mapema kabla hajazaa matunda, pamoja na kipande cha tawi alichoshika. Okidi iache. Ukitaka kuikuza okidi na tayari ipo juu ya mti wa nyumbani kwako, kazi imeshakwisha: ihudumie hapo hapo.

Wapi pa kuipata

Kanuni ya kwanza haina ruhusa ya pembeni: usiing'oe okidi kwenye mti uliosimama. Mmea mdogo wa namna hii hukua taratibu, na kichaka kinachojaza kiganja kimechukua miaka. Kukitoa mtini ni dakika moja, na vingi kati ya vinavyotolewa hivyo hufa kwa sababu mizizi imevunjika.

Tafuta kwenye matawi yaliyokwisha anguka: mti uliobwagwa na upepo, mti uliokatwa kwa ajili ya shamba, au matawi yaliyoachwa na wapasua mbao. Omba ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuingia, na umweleze unachotaka. Ardhi ya Lubunga imeleta machungu ya kutosha tangu mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola ulipozuka mwaka 2023. Mtu mgeni anayezunguka kwenye mashamba ya watu bila kujitambulisha anaweza kueleweka vibaya. Usiingie wakati miti bado inaangushwa. Tawi lililokatika linaweza kunasa juu na kushuka baadaye, na ndani ya majani yaliyolala chini nyoka hupata kivuli.

Usikusanye chochote ndani ya hifadhi. Hifadhi ya msitu ya Yoko iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Ubundu, kati ya kilomita 21 na 38, na ina ukubwa wa hekta 6,975. Hapo watafiti na wanafunzi wa Kisangani hufuatilia mimea ile ile mwaka hadi mwaka, na mmea mmoja ukitoweka, kumbukumbu yao inaharibika.

Ukipata tawi lenye okidi, usibandue mizizi. Ikiwa tawi ni jembamba, likate kwa msumeno au panga, upana wa kiganja upande huu na huu wa kichaka, ulichukue pamoja na okidi yake. Ikiwa tawi ni nene, chonga gome chini ya mizizi na ulitoe gome lenyewe. Funga mzigo kwa jani la mgomba lililolowa kidogo, usitumie mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa sababu ndani yake joto hupanda na mmea huoza njiani. Fanya hivyo ndani ya siku chache baada ya mti kuanguka, kabla jua halijakausha mizizi.

Ukikuta nyingi kuliko unazoweza kutunza, zifunge zilizobaki kwenye miti iliyosimama pembeni mwa shamba, kwenye kivuli, kwa kamba ya nyuzi za mti. Hii ndiyo huduma kubwa kuliko zote, na haigharimu chochote. Okidi inabaki karibu na wadudu wake na kuvu zake.

Mahali pa kuiweka nyumbani

Okidi hii huota katika mwanga uliochujwa na majani. Weka mkono wako sentimita 30 juu ya mahali unapopafikiria, saa sita mchana. Kivuli cha mkono kikiwa cheusi chenye kingo kali, jua ni kali mno. Kisipoonekana kabisa, pana giza mno. Kikionekana hafifu chenye kingo zilizofifia, hapo panafaa. Jua la asubuhi kabla ya saa tatu halina madhara.

Chini ya mwembe mkubwa ni mahali pazuri kuliko pote, kwani upepo unapita, kivuli kipo mwaka mzima, na mvua inafika bila kupiga kwa nguvu. Upenu wa nyumba upande wa mashariki nao unafaa, mradi ukumbuke kwamba mvua haifiki hapo na maji yote yatatoka mkononi mwako. Usiitundike karibu na mabati, maana joto linaloakisiwa saa nane huyaunguza majani. Usiifunge kwenye ukuta uliopigwa chokaa au saruji mbichi. Iepushe pia na moshi wa jiko, ambao huangusha machipukizi ya maua kabla hayajafunguka.

Okidi mpya itenge na mimea mingine kwa wiki mbili. Katika muda huo wadudu waliojificha watajitokeza.

Kuifunga kwenye gome

Ikiwa umeileta pamoja na tawi lake, litundike tawi hilo hilo, hakuna zaidi. Ikiwa tawi limeanza kuoza au mmea umebanduka, fuata hatua hizi.

1. Tafuta kipande cha mti mgumu chenye gome la kukwaruza lisilobanduka, urefu wa sentimita 20 hadi 30. Gome la mwembe, mti wa avoka au msafu linafaa. Epuka mbao zilizopakwa dawa au rangi.

2. Loweka kipande hicho usiku mzima kwenye maji ya mvua, kisha kisugue kwa brashi ili mayai ya konokono na chungu yatoke.

3. Safisha mmea. Kata mizizi iliyooza, ile iliyo laini na ya kahawia, kwa wembe uliopitishwa kwenye moto. Mizizi migumu iache hata ikiwa imepinda.

4. Tandaza kigoga kidogo sana, au nyuzi chache za mchikichi, juu ya gome. Tabaka liwe jembamba. Likiwa nene litashika maji mengi na shina litaoza.

5. Weka okidi juu yake, mizizi ikigusa gome, na uifunge kwa uzi wa pamba, kamba ya mpira laini au uzi wa nyavu za samaki. Isicheze hata kidogo, kwa kuwa mzizi mpya hauwezi kushika kitu kinachotikisika. Usitumie waya wa shaba, ambao ni sumu kwa mizizi.

6. Tundika na uandike tarehe pamoja na mahali ilipotoka.

Wakati mzuri wa kazi hii ni mwanzo wa miezi ya mvua nyingi, yaani Machi na Aprili au Agosti na Septemba. Dalili ya kufaulu ni ncha za kijani zinazochomoza kwenye mizizi. Kamba iondolewe tu baada ya mizizi mipya kushika gome vizuri. Kabla ya hapo, haraka haina baraka.

Ndani ya kikapu chenye makala

Wasio na mti wala mahali pa kutundika wanaweza kutumia kikapu kidogo cha henzirani, au chungu kilichotobolewa matundu mengi chini na ubavuni. Hapa Lubunga ina bahati: mojawapo ya vitu bora vya kujazia chombo cha okidi ni makala yale yale yanayouzwa kila kona ya soko. Hayaozi upesi, hayashikamani, na hupitisha hewa.

Chagua vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vioshe mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, kwa sababu jivu lililobaki huwa kali kwa mizizi. Weka kokoto za mto chini, makala juu yake, na uchanganye vipande vichache vya gome. Kalisha mmea juu juu, usiufukie. Kanuni ni moja: ukimwaga maji juu, yatoke chini papo hapo. Udongo wa shamba, mboji na mchanga havina nafasi katika chombo hiki.

Maji

Maji ya mvua ndiyo bora. Kinga kutoka kwenye paa baada ya mvua kuosha vumbi kwa dakika kadhaa, uyahifadhi kwenye bidoni lenye kifuniko. Kifuniko si urembo. Maji yaliyoachwa wazi huzaa mbu, na malaria ni gharama kubwa kuliko ua lolote. Ukilazimika kutumia maji ya bomba yenye harufu ya dawa, yaweke kwenye beseni lililofunikwa kwa chandarua usiku mmoja kabla ya kuyatumia.

Mwagilia asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku. Tazama mizizi: ikiwa myeupe, mwagilia mpaka igeuke kijani, ikiwa kijani bado, ngoja. Okidi iliyofungwa kwenye gome huhitaji maji kila siku isiyo na mvua, na mara mbili kwa siku wakati wa joto kali. Iliyo kwenye kikapu cha makala huweza kukaa siku mbili au tatu. Majani yakianza kukunjamana, mmea una kiu au mizizi imeoza. Gusa mizizi kwanza kabla hujaongeza maji: iliyooza hubonyea na ngozi yake huvuliwa kirahisi, na dawa yake ni kupunguza maji.

Chakula

Juu ya tawi okidi hula kidogo sana. Mbolea ya NPK inayoyeyuka majini inatosha ikiwa hafifu: robo ya kijiko cha chai katika lita 5 za maji, mara mbili kwa mwezi wakati inapoota majani na mizizi mipya. Lowesha mmea kwa maji matupu kwanza, ndipo utie mbolea, na siku inayofuata usuuze kwa maji mengi. Desemba hadi Februari acha kabisa. Samadi ya kuku na mkojo wa wanyama huunguza mizizi hii myembamba. Ambaye hana mbolea asihangaike: mmea uliofungwa chini ya mti hupata chakula kidogo kutoka kwenye maji yanayotiririka kwenye majani.

Mwaka wa okidi Kisangani

Kisangani haina kiangazi kirefu, ila ina vipindi viwili ambavyo mvua hupungua.

Desemba hadi Februari ndicho kipindi cha hatari. Jua ni kali na siku kavu hufuatana. Ongeza kivuli, mwagilia kila asubuhi, lowesha ardhi chini ya mmea alasiri, usifunge mmea mpya isipokuwa wa kuokolewa, wala usigawe.

Machi hadi Mei mvua hurudi. Funga mimea mipya, anza mbolea hafifu, chunguza konokono.

Juni na Julai mvua hupungua tena, lakini mawingu huwa mengi na joto hushuka kidogo. Punguza mbolea, angalia mizizi kabla ya kumwagilia.

Agosti hadi Novemba ni mvua nyingi. Adui hapa ni uozo. Hakikisha upepo unapita, ondoa majani yaliyoanguka juu ya mmea, na usogeze vikapu vinavyopigwa na maji ya paa moja kwa moja.

Wadudu na maradhi

Konokono, wenye gamba na wasio na gamba, hula ncha za mizizi na machipukizi ya maua usiku. Toka na tochi baada ya mvua uwaokote. Vidung'ata na wadudu wa magamba hujificha kati ya majani yaliyopandana. Ukiona chungu wakipanda na kushuka, watafute hao wadudu, kwani chungu huwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya duka la dawa, au uwapulizie maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, kisha usuuze. Dawa kali za shambani usizitumie kwenye upenu wa nyumba ambako watoto wanacheza.

Doa jeusi lenye majimaji linalopanda shina ni uozo wa kuvu au bakteria. Kata chini yake mpaka ufikie sehemu nzima, uunguze wembe kabla ya kila mkato, kisha uache mmea siku mbili bila maji mahali penye upepo. Majani ya chini kukauka moja moja kwenye shina la zamani ni kawaida. Shina zima likigeuka njano, tafuta sababu kwenye mizizi.

Okidi yenye afya isiyochanua kwa kawaida inakosa mwanga. Isogeze kidogo kidogo kuelekea penye nuru katika wiki kadhaa, usiitoe kivulini kwa siku moja.

Kuizidisha

Njia ya nyumbani ni kugawa. Subiri kichaka kiwe na mashina mengi, kila upande ukiwa na mizizi yake. Tenganisha kwa wembe safi, kila fungu likibaki na mashina matano au zaidi. Fungu dogo kuliko hapo hukawia sana au hufa. Funga kila fungu kwenye gome lake, uweke kivulini, na usubiri mizizi.

Mbegu ni habari nyingine. Tunda moja la okidi hubeba mbegu nyingi mno, laini kama vumbi, lakini mbegu haina akiba ya chakula ndani yake. Msituni huota tu ikikutana na kuvu inayoilisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeonyesha jambo hilo mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alifaulu kuotesha mbegu za okidi bila kuvu, ndani ya chupa safi zenye sukari na madini. Maabara za kuzalisha okidi duniani hufuata njia hiyo mpaka leo. Parselini usiipande kwenye kitalu kama mchicha. Ukipata tunda linalopasuka, pukuta mbegu kwenye gome lenye kigoga karibu na mizizi ya mama, kisha usahau. Ikiota ni zawadi.

Sheria na soko

Okidi zote za mwituni ziko chini ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na nyingi, ikiwemo hii, ziko katika Kiambatisho cha II. Kongo ni mwanachama tangu 1976. Maana yake ni kwamba mmea hata mmoja hauvuki mpaka bila kibali cha Serikali, hata ukiwa ndani ya begi la mgeni aliyekuja kutembea. Ndani ya nchi, Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002 na sheria ya uhifadhi wa maumbile ya tarehe 11 Februari 2014 ndizo zinazosimamia yale yanayotolewa msituni. Anayefikiria biashara aanze kwa kuuliza ofisi ya mazingira ya mkoa wa Tshopo, na auze tu mimea aliyoigawa mwenyewe nyumbani, yenye mizizi iliyokwisha shika. Mnunuzi anayetaka magunia ya okidi kutoka msituni mkatae. Akiondoka na mzigo wake, msitu wa jirani hautabaki na wa kuzaa.

Jirani zetu wana mfano wa hasara hiyo. Kusini mwa Tanzania na nchini Zambia, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa wingi kwa ajili ya chakula kiitwacho kinaka au chikanda, mpaka wachimbaji wakalazimika kuvuka mipaka kuvitafuta. Tanzania iliitangaza Kitulo, uwanda wa juu uliojaa okidi, kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Kisangani ina watu wa kuulizwa. Chuo Kikuu cha Kisangani kina wataalamu wa mimea, na mjini pia kuna Kituo cha Ufuatiliaji wa Bioanuwai. Yangambi, karibu kilomita 100 kuteremka mto, ina kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa katika miaka ya 1930 na INEAC, taasisi ya kilimo ya enzi za ukoloni, ambacho sasa ni cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, pamoja na mkusanyiko mkubwa wa mimea iliyokaushwa. Ukiokoa okidi usiyoifahamu, ipige picha mmea wote, ua kwa karibu, na gome ilipokaa. Andika tarehe, kilomita ya barabara na aina ya mti. Kumbukumbu hiyo inaweza kuwasaidia kuliko mmea wenyewe uliotolewa bila maelezo.

Kwa hiyo, kabla hujawasha moto shambani, zungukia matawi yaliyolala. Kichaka chenye majani yaliyosukwa kitoe na kipande chake cha tawi, ukifunge juu ya mti hai ulio jirani au ukipeleke nyumbani kwenye kivuli cha mwembe. Kilicho juu ya mti uliosimama kiache, na umwambie mwenzako naye akiache.